Fundi Uzi na Gari Lililolala Kwenye Kona

Mkono wangu wa kushoto ulivunjika siku ya Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, kwenye kona ya kiwanda cha maturubai, nikiwa nimesimama nyuma ya gari la wagonjwa nimeshika chupa ya dripu. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba namsifu Fundi Uzi kwa habari za kusikia. Mwili wangu mwenyewe ulikuwamo.

Mimi ni muuguzi. Miaka ile nilikuwa kitengo cha dharura, na nusu ya kazi yetu tulikuwa tunaifanyia ndani ya gari. Siku hiyo tulikuwa tumembeba mzee aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Dereva wetu alikuwa mtu mpole ambaye sote tulimwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lake na ndio mwendo wake. Tulipoingia kwenye kona, gari likaanza kulalia upande. Halikuyumba ghafla. Lililala polepole, kama mtu anayesinzia kwenye benchi, likazidi kulala hata pale miguu yangu ilipodhani limemaliza. Halafu kitu kikagonga chini, gub, na mimi nikarushwa kwenye kabati la oksijeni. Mzee alikuwa amefungwa mishipi, hakuanguka. Alilia mara moja tu, kilio kifupi ambacho bado nakisikia. Mimi sikuwa na mshipi wowote.

Kesho yake mkuu wa usafiri wa hospitali alinijia wodini na fomu. Alikuwa mtu wa mafaili, mnyoofu, kalamu tatu mfukoni. Palikuwa na mstari unaouliza gari lilikuwa katika mwendo gani. Nikaandika neno moja: kasi. Sikuwa nimeangalia mita. Nani anaangalia mita akiwa kule nyuma na mgonjwa? Lakini mkono uliniuma, na mtu mwenye maumivu humtupia lawama aliye karibu. Kwa neno hilo moja Taratibu akaondolewa kwenye usukani baada ya miaka kumi na tisa, akapelekwa getini kuinua na kushusha kizuizi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nyumbani, mkono kwenye plasta, nikijaribu kumenya kitunguu kwa mkono mmoja. Mlango ukabishwa hodi. Nilipofungua nikamkuta mwanamke mfupi, umri wa miaka hamsini na kitu, ovaroli imefuliwa ikapigwa pasi, futikamba ya fundi cherehani imening'inia shingoni. Akajitambulisha kuwa ni dada yake Taratibu, yule aliyemtangulia kuzaliwa. Nikajua nimekwisha. Nikajiandaa kusemwa.

Hakunisema. Alikaa, akanichukulia kisu mkononi, akamalizia kitunguu changu huku anaongea. Aliomba radhi kwa kuja bila taarifa. Alinipa pole ya mkono. Kisha akatoa daftari la shule kwenye mfuko wa ovaroli.

"Sista, sikuja kugombana," akasema. "Nataka uniambie ulianguka wakati gani. Mlipokuwa mnaingia kwenye kona, mkiwa katikati, au mlipokuwa mnatoka?"

Katika wote walionihoji, hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikafikiri. Nikasema katikati. Akaniomba nisimame pale sebuleni, nifumbe macho, nimwonyeshe mwili ulivyokwenda. Nilijiona kituko, lakini nikafanya. Akauliza mguu gani uliingiwa na uzito kwanza, ule wa upande wa dereva au ule wa upande wa milango ya nyuma. Nikashangaa kwamba nilijua jibu. Ulikuwa mguu wa mbele. Pua ya gari ndiyo ilianza kuzama, nyuma ikafuata.

"Na kile kishindo, gub, kilikuja kabla hujaanguka au baada?"

"Kabla. Kile ndicho kilichoniangusha."

Aliandika yote kwa mwandiko mzuri wa shuleni. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba gari linaweza kulala hata likienda mwendo wa harusi, ikiwa limeharibiwa mahali fulani ambapo macho hayafiki. Hakusema kwamba mdogo wake hana kosa. Alisema hajui bado. Hilo ndilo lililonimaliza. Angemtetea ningeweza kubishana naye.

Huyo ndiye Fundi Uzi. Tangu siku hiyo nilianza kumfuatilia, na mengi ninayoyajua kuhusu maisha yake aliniambia mwenyewe, mengine mume wake, ingawa mume wake si mtu wa maneno.

Mama yao alikuwa mshona nguo. Fundi Uzi alikulia chini ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya chaki na mabaki ya nyuzi. Mama huyo alikuwa na msimamo kwamba gauni likikaa vibaya, kitambaa kinasingiziwa tu. Tatizo liko pale bega lilipokatwa. Wateja walileta kitambaa kizito zaidi wakidhani kitakaa vizuri, na yeye aliwarudisha kwenye bega. Binti alisikia hayo kila siku hadi yakamwingia kwenye mifupa.

Alipomaliza kidato cha nne hakushona. Alipata kazi ya kaunta kwenye duka la vipuri vya magari, akauza bushi, shokapu na springi kwa miaka kumi na minne. Pale kaunta aliona jambo lililomkera. Watu walewale walirudi. Mtu ananunua shokapu mpya leo, baada ya miezi mitano yuko pale tena analalamika gari linalala kwenye kona. Wanampa ngumu zaidi. Anarudi tena, sasa analalamika mgongo. Fundi Uzi akaanza kutoka nje wakati wa chakula, anatandika katoni chini, anaingia uvunguni mwa magari ya wateja na futikamba ya mama yake. Wenye duka walidhani amechanganyikiwa. Mmoja wa waliokuja kununua beringi alikuwa mkereza vyuma, mtu mrefu, mkimya, mwenye redio ndogo mfukoni. Yeye hakucheka. Alimshikia tochi. Mwaka uliofuata wakaoana, wakapata watoto pacha, na wakafungua gereji nyuma ya duka la mbao, yeye kwenye magari, mume kwenye mashine yake ya kukereza.

Alifanya kitu kimoja tu: mambo ya chini ya gari, vile magurudumu yanavyoshikana na bodi. Injini alikuwa hagusi. Na kwa kuwa hakuanza kazi yoyote bila kutandaza nyuzi na kuchora kwa chaki, mafundi wa mtaa ule wakampa jina la Fundi Uzi, kwa dhihaka. Mmoja alimwambia kwamba akimaliza kupima amtilie gari lake kola na vifungo. Akamjibu kwamba atamtilia, ila kwanza itabidi alifumue, maana aliyelishona alikuwa amelewa. Kumbe aliyelishona ni huyo huyo. Jina likabaki, dhihaka ikaisha.

Sasa turudi kwenye gari letu. Fundi Uzi alikwenda kwa mkuu wa usafiri kuomba alikague. Mkuu akamkatalia kwa adabu: kuna gereji yenye mkataba, kuna ripoti, na ripoti inasema mwendo wa kasi. Akaenda tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu nilikwenda naye mimi, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Sikulala vizuri usiku ule wa kuamkia siku hiyo, sifichi.

"Ile ripoti ina neno langu," nikamwambia mkuu. "Niliandika kasi bila kuangalia mita. Nilikuwa naumwa na nilikuwa na hasira. Naomba kulifuta."

Mkuu aliangalia kalamu zake. Akasema kufuta neno kwenye ripoti kuna utaratibu wake. Lakini hakuwa mtu mbaya, na ndipo akatueleza jambo ambalo halikuwa kwenye faili lolote. Miezi mitatu kabla ya ajali, gari lile lilifungiwa kiyoyozi kipya juu ya paa. Kiyoyozi kikawa kinagusa paa la kibaraza cha mapokezi ya dharura. Hawakuweza kubomoa kibaraza, basi akaagiza springi zikatwe ili gari lishuke. Likashuka sentimita sita, likapita. Tena gereji ikamhakikishia kwamba gari fupi hukaa vizuri zaidi barabarani, kwa hiyo alidhani ameua ndege wawili.

"Springi iliyokatwa inakuwa ngumu kuliko ya kwanza," akaongeza, kama anayejitetea. "Mimi nimesoma kidogo. Gari limeshuka na springi zimekuwa ngumu. Litalalaje zaidi?"

"Hilo ndilo swali, bosi," akasema Fundi Uzi. "Nipe gari siku mbili nikujibu."

Akampa.

Siku ya kwanza walipima tu. Kulikuwa na uwanja wa saruji uliotumiwa zamani kupakia mizigo, mtupu, tambarare. Fundi Uzi akachora duara kwa chaki, hatua ishirini kutoka katikati, akafunga ubao mrefu ulionyooka kwenye milango ya nyuma, kisha akamwomba mkuu mwenyewe aendeshe kwenye duara lile kwa mwendo wa thelathini. Mume wake alipiga picha kwa nyuma kila gari lilipopita. Picha zikachapishwa, wakazipima kwa rula. Upande mmoja wa ubao ulikuwa umezama chini ya mwenzake kwa sentimita nane na nusu. Mkuu akapima mwenyewe mara mbili. Kwa mwendo wa thelathini, ambao hata Taratibu angeuona wa kuchelewesha watu, gari lilikuwa linalala namna ile.

Siku ya pili nilikuwepo gerejini. Gereji yao ilikuwa na ukuta mrefu uliopakwa rangi nyeusi, kama ubao wa darasani. Fundi Uzi alikuwa ameamka asubuhi kupima kila kiungo cha mbele cha gari, na sasa alikuwa anakihamishia ukutani kwa kipimo kamili: tairi kwa ukubwa wake, shokapu lilivyoinamia ndani, na ule mkono wa chuma wa chini unaotoka kwenye chesisi kwenda kushika gurudumu. Jambo la ajabu ni kwamba mstari wa barabara aliuchora usawa wa kiuno chake. Nikamuuliza kwa nini barabara iko juu hivyo. Akasema anahitaji nafasi ya chini, na asingependa kuchimba sakafu.

Akapigilia misumari, akaanza kuvuta nyuzi. Uzi mmoja ulifuata mkono wa chini. Mwingine ulitoka juu ya shokapu, ukakatana nalo kwa pembe mraba. Nyuzi hizo mbili alizivuta hadi mbali upande wa pili wa ukuta, zikakutana. Kutoka hapo zilipokutana akavuta uzi wa tatu mpaka pale tairi linapokanyaga barabara. Mahali uzi huo wa tatu ulipokata mstari wa katikati ya gari, akatia doa jekundu. Kisha akapanda stuli, akatia alama ya msalaba juu sana, karibu na dari.

Mkuu wa usafiri alikuwa amekuja, amesimama na faili kwapani. Fundi Uzi akamweleza kwa namna ambayo hata mimi nilielewa. Msalaba ule ni mahali uzito wote wa gari umekaa. Doa jekundu ni mahali bodi linapojizungushia likilala. Yeye hupaita kitovu. Hukioni, hukishiki, hakina nati ya kufungua. Lakini kila gari linacho. Kwenye kona, uzito unasukumwa nje, na bodi linazunguka kwenye kitovu kile. Umbali kati ya uzito na kitovu ni kama mpini wa spana: ukiwa mrefu, nguvu ndogo tu inageuza nati kubwa.

"Ulipokata springi, uzito ulishuka sentimita sita," akasema. "Ukafurahi. Lakini angalia huu mkono wa chini. Zamani ulikuwa umelala vizuri, ncha ya gurudumu chini kidogo. Bodi liliposhuka, ncha ya ndani ikashuka nalo, ya gurudumu ikabaki juu. Uzi umegeuka. Ona kitovu kimekwenda wapi."

Tukaangalia. Doa jekundu halikuwa juu ya barabara. Lilikuwa chini yake, kule kwenye ile nafasi aliyoiacha, kama kitu kilichozikwa. Pembeni alikuwa ametia doa jeupe, mahali kitovu kilipokuwa kabla ya springi kukatwa, juu ya mstari wa barabara. Uzito ulishuka sita. Kitovu kilishuka kumi na nane. Mpini ulikuwa umerefuka kwa zaidi ya upana wa kiganja, na juu yake kuna kiyoyozi. Bushi, yaani raba, za ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ili bodi lisilale, nazo zilikuwa zimekwisha, akaongeza, na atazibadilisha, lakini peke yake hazitatosha. Kile kishindo kilichoniangusha kilikuwa bodi kufikia mpira wa kizuio, kwa sababu springi fupi haikuacha nafasi.

Mkuu alishika kidevu. Akauliza kama aweke springi ngumu zaidi.

"Ukiweka ngumu kama jiwe halitalala," akasema Fundi Uzi. "Lakini mwenye nyonga iliyovunjika atakulaani kila shimo."

Hapo nilimpenda yule mama, na wala hakuwa ananiangalia.

Gari halikuweza kuinuliwa, kwa sababu ya kibaraza. Basi akaamua kushusha ncha ya mkono pale inapofungwa kwenye gurudumu, kwa kutia kipande cha chuma kati ya kiungo na mahali kinapofungwa, ili uzi wa chini urudi kwenye mwelekeo wake. Mume wake alikereza vipande viwili kutoka chuma kigumu kimoja, akavirudia mara tatu kwa tofauti ndogo ambayo jicho langu halikuiona. Mkuu hakukubali vifungwe hivihivi. Alitaka vipelekwe chuo cha ufundi vikandamizwe kwenye mashine, kwa uzito mara nne ya ule vitakaobeba. Nilidhani Fundi Uzi atachukia. Alifurahi. Alisema ni mara ya kwanza mteja kumtaka apime zaidi ya alivyotaka kupima yeye. Vipande vikarudi vizima, na barua. Zikanunuliwa springi mpya za kuliacha gari kwenye kimo kilekile bila kugonga kizuio, zile zilizokatwa zikatupwa.

Wakarudi uwanjani. Kwenye duara, ubao wa nyuma ulizama sentimita tano tu. Mkuu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Fundi Uzi akaingia mwenyewe kwenye usukani ili alipitishe juu ya tuta la mwisho wa uwanja, aone litakavyoruka.

Magurudumu ya mbele yalipopanda tuta, gari lilikata kushoto lenyewe, kana kwamba mtu ameunyakua usukani. Lilikwenda kama mita mbili kuelekea mtaro kabla hajalishika. Akasimamisha. Tulikimbia wote. Alikuwa amekaa, mikono juu ya usukani, anapumua kwa mdomo. Mkuu alikuwa amepauka. Akasema hapana, gari lirudi kama lilivyokuwa, liinuliwe, na kiyoyozi king'olewe, basi.

Fundi Uzi akashuka. Akafuta mikono kwa kitambaa, kila kidole.

"Hapa nimekosea mimi," akasema. "Si gari, si chuma cha mume wangu. Niliuchora mkono, nikamsahau mwenzake. Nipe siku nne. Nikishindwa, ng'oa unachotaka."

Mkuu akampa. Baadaye aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumsikia fundi akisema maneno yale, na ndiyo yaliyompatia siku nne.

Kosa lilikuwa hili. Kuna fimbo nyembamba inayotoka kwenye usukani kwenda kugeuza gurudumu, mafundi huiita tairodi. Fimbo hiyo na mkono wa chini hupanda na kushuka pamoja, kama watu wawili waliobeba ngazi. Mmoja akiinama na mwingine asiiname, ngazi inageuka. Yeye alikuwa amemshusha mmoja na kumwacha mwenzake juu, kwa hiyo kila gurudumu lilipopanda tuta, tairodi ilivuta na gari likageuka bila kuambiwa.

Mume wake ndiye aliyenihadithia siku zile nne, kwa maneno machache kama kawaida yake. Siku ya kwanza mkewe hakula. Alikaa kwenye stuli akiutazama ukuta, chaki mkononi, na alipoulizwa kitu alijibu kingine. Kilichomuuma hakikuwa aibu. Alikuwa anafikiria ingekuwaje kama tuta lile lingekuwa barabarani, na mgonjwa nyuma, na sista amesimama. Siku ya pili alifuta mchoro wote, hata sehemu zilizokuwa sahihi, akaanza upya na tairodi ndani yake kwa chaki ya rangi nyingine. Mume akazima redio bila kuambiwa. Siku ya tatu walikereza kiungo kipya cha kuishusha ncha ya tairodi. Kikaenda chuoni nacho, kikakandamizwa. Siku ya nne asubuhi alipanda na kushuka lile tuta mara thelathini peke yake, kabla hajampigia mkuu simu.

Plasta yangu ilikuwa imetolewa wiki hiyo. Mkuu alitaka jaribio la mwisho lifanyike mahali penyewe, kwenye kona ya kiwanda cha maturubai, na akaamuru Taratibu aitwe kutoka getini aendeshe. Mkuu akakaa mbele, macho kwenye mita. Kitanda kilikuwa kitupu, kimefungwa mifuko ya mchanga. Mimi nikaomba kusimama palepale nilipokuwa nimesimama. Safari hii nilivaa mshipi, kwa kuwa mkuu alikuwa ameagiza ifungwe miwili kwa ajili ya wauguzi.

Kabla hatujaondoka nilimwendea Taratibu dirishani. Tangu ajali sikuwa nimezungumza naye. Nilikuwa napita geti la nyuma. Nikamwambia samahani kwa neno lile. Alikuwa anarekebisha kioo.

"Taratibu, sista," akasema. "Mkono kwanza. Unafungika ngumi?"

Nikafunga ngumi nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa, akawasha gari.

Tuliingia kwenye kona kwa mwendo wa arobaini. Nilifumba macho. Gari likalala kidogo, kama mtu anayeegemea ukuta, likafika pale mwili wangu ulipotarajia, likasimama hapo. Pua na nyuma vilikwenda pamoja. Nilisubiri kile kishindo. Hakikuja. Tukageuza, tukarudi kwa hamsini, na baada ya hapo mkuu akaomba tubadilishane nafasi. Alisimama nyuma na kalamu zake tatu, akashika bomba la juu, tukapita tena. Akashuka. Aliandika barua mbili palepale juu ya boneti. Moja ilimrudisha Taratibu kwenye usukani na kufuta ripoti. Nyingine ilisema kwamba hakuna gari la hospitali litakalokatwa, kuinuliwa wala kuongezewa kitu paani kabla ya kuchorwa kwanza kwenye ukuta wa Fundi Uzi, na kwamba kosa la springi lilikuwa agizo lake yeye mkuu. Sentensi hiyo ya mwisho hakuna aliyemwomba aiandike.

Mengine yalifuata yenyewe. Magari yote saba ya hospitali yalipita pale gerejini. Mawili aliyarudisha bila kuyagusa, akisema yako sawa, waache kuyachokoza. Mafundi wengine walianza kuja na magari yaliyowashinda, wakiingia kwa mlango wa nyuma mwanzoni, baadaye wa mbele. Magoti yake yameanza kumsumbua. Mimi ndiye ninayempa dawa, na yeye ndiye anayenidanganya kwamba amezimeza.

Mwaka jana kile chuo cha ufundi kilichokandamiza vile vyuma kilimwalika aende kuwasemesha wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Tulikwenda watu wanne: yeye, mume wake, Taratibu na mimi. Alivaa gauni la buluu lililoshonwa na mama yake kabla hajafariki, na viatu vya kutokea. Mkuu wa chuo alimpa saa nzima. Aliongea dakika kumi na moja. Alivuta nyuzi zake tatu kwenye ubao, akatia doa jekundu, akaeleza alichokijua, kisha akawaeleza kirefu zaidi siku ile ya tuta na jinsi alivyosahau tairodi. Wanafunzi waliokuwa wanachezea simu waliziweka chini hapo. Akamaliza. Mkuu wa chuo, kuziba pengo, akasema kwa mzaha kwamba hata gari lake yeye hulala sana siku hizi, labda ni uzee.

Fundi Uzi akauliza limeegeshwa wapi.

Tulipotoka nje, darasa zima nyuma yetu, alikuwa ameshavua viatu na kumpa mume wake avishike. Mume akavishika kimoja kila mkono, akasimama wima kama mlinzi wa benki. Taratibu akatandika koti lake chini. Yule mama akalala chali juu yake na gauni la buluu, akajisukuma kwa visigino hadi yakabaki magoti tu yanaonekana, na sauti yake ikatoka uvunguni ikiomba mtu amletee chaki.